Liandikwalo Ndilo Liwalo: Lakini Nani Kaandika?

Katika semina zetu za fasihi neno "majaaliwa" limekuwa kama kitambaa cha kufutia ubao. Mhusika akifa, majaaliwa. Akiolewa na mume mbaya, majaaliwa. Mwandishi akishindwa kuumaliza msuko wake vizuri, akaleta gari likamgonga mtu ukurasa wa mwisho, na hapo pia tunaambiwa mwandishi "ameonyesha nguvu ya majaaliwa". Tunaandika hivyo kwenye karatasi za mitihani, tunapewa alama zetu, tunakwenda zetu kantini. Makala haya yana lengo la kulichokonoa neno hilo. Nitaanza na lugha, nitakwenda kwa Mbegha wa Usambara, kisha nitashuka hadi kwenye kibanda cha video. Walimu wangu wataniwia radhi nikichanganya habari za wafalme na habari za picha za Kihindi. Kwetu Magoma vitu hivyo viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Tuanze na neno ajali. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili linahusu muda aliopangiwa mtu, siku yake ya kuondoka duniani. Waswahili wakalichukua, wakaliendesha barabarani. Leo basi likipinduka tunasema ni ajali, na anayesema hivyo hafikirii mbingu wala dini, anafikiria tairi. Lakini maana ya kale haijafa, imelala tu chini. Ndiyo maana msibani hakosekani mzee wa kusema kwamba ajali haina kinga, na watu wote wakanyamaza. Sasa hebu tujiulize: breki mbovu nayo haina kinga? Dereva aliyeendesha usiku kucha bila kulala? Neno moja linabeba mambo mawili, lile ambalo binadamu hawezi kulizuia na lile ambalo binadamu alipaswa kulizuia, na mwenye basi anapona katikati yake.

Kuna methali isemayo jitihada haiondoi kudura. Nimeisikia pia ikigeuzwa kinyumenyume, kwamba jitihada huondoa kudura, na wasemaji wa pande zote mbili huitoa kwa uhakika uleule. Mtu asidhani basi kwamba "falsafa ya Mwafrika" ni kukubali kila kitu, kama baadhi ya vitabu vinavyodai. Lugha yenyewe inabishana.

Lakini kitenzi kinachonivutia zaidi ni kuandikwa. Tunasema "ndivyo alivyoandikiwa", tukimaanisha hatima yake kwa Mungu. Kwa kitenzi hichohicho tunasema mtu "kaandikwa kazi". Anayetoka Korogwe anaujua uzito wa maneno haya. Magoma ipo chini, kwenye bonde la Lwengera, Usambara ya Mashariki upande mmoja na ya Magharibi upande wa pili. Wilaya yetu ni ya mkonge. Enzi za mkoloni vibarua waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu ya zile namba walizopewa. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwatafuta watu hao, SILABU, na siku za kazi zilihesabiwa kwenye kipande. Kwa kibarua huyo, aliyeandika alikuwa karani. Alikuwa na jina, meza na kalamu. Nadhani swali zuri la mhakiki linaanzia hapo. Tumezoea kuuliza kama mhusika kaandikiwa au hakuandikiwa. Tuulize kaandikiwa na nani, na kwa kalamu gani.

Sasa tumtazame Mbegha.

Hadithi yake tumeisikia kwa mabibi zetu, lakini maandishi yake makuu ni Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na ambacho kilitolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Nasikitika kusema kwamba wengi wetu tunamaliza digrii bila kukishika. Tunakiacha kwa watu wa historia, kana kwamba mtu akitaja mfalme wa kweli basi sanaa imekwisha.

Mbegha anazaliwa Ngulu, na anaota meno ya juu kwanza. Yaani ni kigego. Wasiojua habari hii waelewe kwamba hili si pambo la hadithi. Katika jamii nyingi za Pwani na bara yake iliaminika kwamba mtoto wa namna hiyo ataleta vifo katika ukoo, na watoto waliuawa au kutupwa kwa sababu hiyo. Basi hapa tunayo tanzia kamili kabla mhusika hajaweza hata kutamka neno: hatima yake ipo kinywani mwake, kila mtu anaisoma akicheka. Mbegha hatupwi. Anakua, anakuwa mwindaji hodari. Wazazi wanapokufa na mali inapogawanywa, ndugu wanamnyima urithi, maana yeye ni kigego, na kila kifo cha ukoo kinahesabiwa kuwa chake.

Tazameni vizuri jambo hilo. Ukigego wake ulikuwepo siku zote, tangu meno mawili ya kwanza. Lakini unakumbukwa kwa sauti kubwa siku ya kugawana mali. Msimulizi hatoi hotuba yoyote juu ya jambo hili, anaweka tu matukio mawili jirani na kuendelea na safari. Mimi nauona huo kuwa ufundi mkubwa kuliko hotuba nyingi za riwaya zetu za miaka ya 1970.

Mbegha anahama, anafika Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mtawala wa huko. Wanakwenda kuwinda pamoja, na huyo kijana anauawa na nguruwe. Mbegha anakimbia. Hapa msomaji anasimama kwenye njia panda. Ukitaka, utasema utabiri umetimia: kigego kaua. Ukitaka, utasema nguruwe kaua, kama nguruwe wanavyoua wawindaji popote. Masimulizi yanaruhusu usomaji wote wawili. Mbegha mwenyewe hajui ni upi wa kweli, anachojua ni kwamba watu wa Kilindi watachagua upi. Ndiyo maana anakimbia. Haogopi majaaliwa, anawaogopa wasomaji wake.

Kisha anaingia porini, anakaa mapangoni na wenzake, moshi wa moto wake unaonekana kutoka milimani. Washambaa wanashuka kumtazama. Anawapa nyama, wao wanampa vyakula vya shambani. Anawaulia nguruwe wanaokula mazao yao, anafika Bumbuli, anaoa, na mwisho anaitwa Vugha. Njiani usiku anaua simba. Watu wa Vugha wanamfanya mfalme.

Angalieni nguruwe amerudi. Mnyama yuleyule aliyemharibia Kilindi ndiye anayempa heshima Usambara. Meno hayakubadilika, ustadi wa uwindaji haukubadilika, nguruwe ni nguruwe. Kilichobadilika ni watu wanaomtazama. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa cha mwaka 1974, anaichambua hadithi hii kwa kuitazama tofauti ya pori na nyumbani, nyama na chakula cha shambani. Uchambuzi wake unafaa sana na sina ugomvi nao. Mimi naongeza moja tu kwa upande wa fani: msuko wa Mbegha umejengwa kwa kurudia tukio lilelile mbele ya hadhira mbili.

Wengi watauliza juu ya Oedipus, maana hatuwezi kusema "majaaliwa" chuoni bila Mgiriki kupita mlangoni. Tunaye kwa Kiswahili pia, Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971. Tunaye katika joho la Kiyoruba, katika tamthilia ya Ola Rotimi ambayo jina lake linasema kwamba miungu si ya kulaumiwa. Kufanana kupo: mtoto mwenye nuksi, kuponea kifo, kuhama, kuua mnyama au jitu la kutisha, kupewa ufalme na wageni. Lakini Edipode anakimbia utabiri na kukimbia kwenyewe ndiko kunakomtimizia utabiri. Mbegha anakimbia na anafika. Ukoo uliomkataa unabaki nyuma, hausikiki tena. Mgiriki anasema ulimwengu ni chumba kimoja, popote utakapokimbilia utakutana na baba yako. Msimulizi wa Usambara anasema kuna mlima mwingine, na huko hawajui habari za meno yako. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti ya kweli baina ya tanzia na masimulizi ya uhamiaji. Nusu ya watu wa bonde letu ni watoto wa waliohama, hawana haja ya kufafanuliwa jambo hilo.

Hata hivyo tusishangilie mapema. Hadithi ya Mbegha ilikuwa mali ya Wakilindi, ukoo uliotawala kutokana naye. Aliyeinuka kutoka ukigego hadi kiti cha Vugha anaonekana kama mtu aliyetakiwa kufika pale. Hiari ya Mbegha ikageuka kudura ya wajukuu zake: sisi tunatawala kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Na Abdallah bin Hemedi aliishi karibu na watawala hao na kuwatumikia, kwa hiyo kalamu yake haikuwa kalamu ya mpita njia. Lakini kitabu hichohicho kinasimulia jinsi nyumba ilivyosambaratika baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, ndugu kwa ndugu wakipigana, na Wabondei wakiinuka katika vita vya Kiva kuwaondoa Wakilindi kwao. Wabondei nao walikuwa wamesikia kwamba Wakilindi wameandikiwa kutawala. Hawakukubaliana na mwandiko.

Riwaya zetu za baadaye nitazipitia kwa haraka, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu zimeshaandikiwa makala mengi mazuri. Kezilahabi anatajwa kila mara kwamba ni mwandishi wa kukata tamaa, na ushahidi unaotolewa ni kwamba wahusika wake wanajiua: Rosa katika Rosa Mistika (1971), Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Mimi nawaweka watu hawa wawili mbali kidogo. Kazimoto ni msomi wa chuo, ana maneno ya kutosha ya kujieleza, anachagua na anajua kwamba anachagua. Rosa hakupewa nafasi hiyo. Baba yake Zakaria alimfungia kila dirisha, na aliyefungiwa madirisha yote akiruka kupitia paa, hatuwezi kumpa daraja lilelile la hiari tunalompa Kazimoto. Anayeweka vifo vyote viwili chini ya kichwa kimoja cha habari, "udhanaishi", anamsaidia Zakaria.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) inastahili neno moja kwa ajili ya jina lake. Nyota kwa Kiswahili ni hatima, ndiyo inayosomwa na watabiri, ndiyo tunayosema imeng'ara au imefifia. Msomaji anafungua kitabu akitegemea kuiona mbinguni. Anachokuta ni baba tajiri mwenye mashamba, Fuad, anayemkataa binti yake mwenyewe kwa rangi ya ngozi yake. Ukisoma mpaka uhusiano wa Rehema na Sulubu na mapambano yao juu ya ardhi wanayoilima, utaona kwamba nyota hiyo ina mipaka ya shamba na ina wenyewe. Jina la riwaya limekaa kama mtego, nasi wahakiki tumeingia humo kwa furaha.

Sasa picha. Najua kuna wenzangu wanaoona filamu ni burudani ya watoto, lakini swali la majaaliwa lina makali zaidi kwenye filamu. Riwaya ina msimulizi anayeweza kukuambia mapema kwamba huyu atakufa. Kamera haiwezi. Inaonyesha kilichopo mbele yake tu. Kwa hiyo watazamaji wenyewe wakaunda sheria ya hatima, nayo inajulikana katika kila kibanda cha video Tanzania hii: steringi hafi. Risasi zitampita, ataangushwa ghorofani, atafungwa kwenye kreti na kutupwa baharini, lakini hafi. Watoto wa miaka 8 wanaijua sheria hii kuliko hesabu za kugawanya. Mfasiri anayesema juu ya picha naye huwa anawapoza wanaoogopa: tulieni, huyu ndiye steringi. Ni majaaliwa, lakini ni majaaliwa matamu, yanakwenda upande wa mnyonge. Yule maskini aliyeonewa mwanzoni ndiye atakayebaki amesimama.

Ndiyo maana Deewaar, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, ilitugawa vibaya sana. Nilikuwa mdogo, kibanda kilijaa hadi nje, na mfasiri wa siku hiyo alikuwa hodari. Vijay, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, ni mtoto wa kiongozi wa wafanyakazi aliyelazimishwa kuwasaliti wenzake ili kuiokoa familia yake. Kwa hasira ya usaliti huo watu wanamkamata yule mtoto, wanamchanja mkononi maneno ya kwamba baba yake ni mwizi. Akikua anafanya kazi bandarini, na beji yake ya kazi ina namba 786, ambayo kwa Waislamu wengi wa Bara Hindi ni namba ya baraka, inasimama badala ya Bismillahi. Beji hiyo inamkinga na risasi. Anaingia katika magendo, anatajirika. Ndugu yake Ravi anakuwa polisi.

Basi mnaona mwili huu ulivyo. Mkononi kaandikwa na watu: mtoto wa mwizi. Kwenye beji kaandikwa na mwajiri: namba. Na ile namba ya mwajiri, ya kibarua wa bandari, ndiyo inayogeuka hirizi. Sikuyaelewa haya yote siku ile, lakini wazee wawili waliokuwa wamekaa nyuma, waliowahi kukata mkonge, walicheka kwa sauti ilipotajwa kwamba namba ya kazini inaleta baraka. Walikuwa na sababu zao.

Wengi husema Vijay aliharibiwa na chale ya mkononi, na filamu inampa nafasi ya kujitetea hivyo. Anapotakiwa na Ravi atie saini kukiri makosa yake, anajibu kwamba kwanza zitafutwe saini za wale waliomwandika mkononi. Ni hoja nzito, ni ileile ya kuuliza nani kaandika. Lakini Ravi alilelewa na mama yuleyule, alilala chini ya daraja lilelile, akaenda njia nyingine. Mtunzi hakumwacha mtazamaji apumzike. Angetaka kutuambia kwamba mazingira ndiyo kila kitu, asingemleta ndugu. Angetaka kutuambia kwamba hiari ndiyo kila kitu, asingemchanja mmoja tu kati ya wawili. Mkono wa Ravi ni msafi, na usafi huo hakuuchagua yeye.

Mwaka 2021 tukapata Vuta n'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin kaozwa kwa mume mzee, anamtoroka, anaangukia katika mapenzi na Denge na katika siasa za Unguja ya miaka ya 1950. Ndoa yake ilikuwa imeshaandikwa na wakubwa, kwa maana zote za kuandikwa. Kilichonifurahisha ni kwamba picha inamwacha anyamaze kwa muda mrefu, tukimtazama anavyotazama. Hakuna sauti ya kutueleza kwamba hii ndiyo hatima yake. Baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba picha inakwenda taratibu. Labda. Mimi naona uamuzi wa mtu unachukua muda, na picha zetu nyingi zinamwonyesha msichana akishaamua tu, kama vile kaamuliwa.

Turudi kidogo kwa Vijay. Mwishoni, katika purukushani, ile beji ya 786 inamdondoka, na risasi ya Ravi inampata. Anafia kwa mama yake, hekaluni. Kibandani kulitokea kelele. Steringi kafa! Mmoja alitaka arudishiwe hela yake. Mwingine, kijana wa boda aliyekuwa amesimama mlangoni, akamkatalia: "Mgosi, wewe hukuangalia vizuri. Steringi ni yule polisi." Wakabishana kama beji isingedondoka risasi ingempata au isingempata, na kama ni kosa lake kutoifunga vizuri. Mfasiri alikuwa ameshazima jenereta na anakunja waya, lakini hata gizani waliendelea, na mtu mmoja alikuwa bado anauliza kwa nini mama hakumchagua yule mwenye mkono ulioandikwa.